TUACHIENI NJIA YA VUMBI

Kuna ugonjwa ulioingia katika fikra zetu, nao una dalili mbili. Ya kwanza ni kuona haya mbele ya njia ya vumbi. Ya pili ni kumdharau mtu aliye juu ya baiskeli. Mwenye ugonjwa huu akikabidhiwa madaraka hujenga barabara ya lami, husimama kando kutazama magari yakipita kwa kasi, na huridhika moyoni kwamba maendeleo yamewasili. Yule aliyekuwa akipita hapo jana na baiskeli yake, mwenye gunia la mtama au madumu ya maji kwenye keria, haulizwi kitu. Anasukumwa pembeni kwenye miiba, na akipigiwa honi na lori huambiwa kwamba yeye ndiye aliyekaa vibaya.

Mimi nasema kinyume. Nasema kwamba katika nyanda hizi za kati, kuanzia Mpwapwa hadi Bahi na kutoka Dodoma hadi Kondoa, njia nyembamba ya changarawe, iliyoshindiliwa vizuri na isiyoruhusiwa kupitwa na gari wala pikipiki, ni mali kubwa ya umma. Nasema pia kwamba wenye mamlaka wanapaswa kuitenga sasa, kabla ardhi haijaisha, wala wasingoje tuwe matajiri kwanza. Ndugu msomaji, najua utacheka. Nakuomba ucheke baada ya kunisikiliza.

Tuanze na wale ambao hatuwacheki, yaani wageni. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iko njia iitwayo Kilema. Ni njia ya udongo na mawe inayopanda kutoka vijiji vya Wachaga, ikapita msitu na nyika ya juu, hadi kituo cha Horombo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mbele yake iko Kibo kwenye mita 4,720. Watalii wameruhusiwa kuipanda kwa baiskeli. Hulipa fedha za kigeni, huajiri viongozi na wapagazi, kisha hutoka jasho kwa siku kadhaa kwenye njia ambayo huwezi kukutana na basi wala lori. Hiyo ndiyo bidhaa wanayoinunua: changarawe, kimya, na uhakika kwamba hakuna atakayewagonga kwa nyuma.

Huko kwao wanafanya vivyo hivyo. Nchini Italia barabara ya Stelvio, inayopita ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina hilo hilo katika milima ya Alpi, hufika mita 2,757. Siku moja kila mwaka hufungwa kwa magari ili wapanda baiskeli waimiliki wao. Wana akili pia ya kujua mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, hairuhusu baiskeli hata kidogo, kwa sababu hapo mnyama na mmea ndio wenye haki ya kwanza. Kwa hiyo sisemi kwamba baiskeli ziingizwe katika kila msitu. Nasema tu kwamba mataifa yaliyotangulia kuwa na magari mengi sasa yanatafuta, kwa gharama, kile ambacho sisi tunakifukia kwa gharama.

Sasa niulize. Kama njia ya changarawe isiyo na gari ni neema kwa mgeni aliyepanda ndege kuja kuitafuta, kwa nini iwe aibu kwa mkulima wa Chamwino anayeihitaji kila siku? Mgeni akimaliza siku zake hurudi kwao. Mkulima huyu anapeleka zabibu sokoni, anabeba mgonjwa kwenda zahanati, anafuata mbegu, anakwenda mazikoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni amekuja, akapona yeye, na mwenyeji amebaki na malori.

Wapo watakaodai kwamba haya ni mawazo ya kizamani. Naam, ni ya kizamani, tena yalipata kuandikwa na kupitishwa rasmi. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango Mkuu wa mji ulitolewa mwaka 1976, ukiwa umeandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule haukutaka mji wa fahari wenye njia pana za gwaride. Ulitaka mji wa watu: makazi yaliyo karibu na kazi, shule na soko, njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilizotengwa na magari, na mabasi yenye njia zake. Gari la mtu binafsi lilipewa nafasi ya nyuma. Huo ndio uliokuwa msingi wa mji mkuu wa Tanzania, na nchi hii ilikuwa bado inakumbuka kwamba mwaka 1967 Rais wake alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza.

Serikali ilianza kuhamia kweli mwaka 2016. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Mji wa Serikali ukasimama Mtumba. Mwaka huo wa 2018 ulizinduliwa pia mkeka wa lami wa kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, kisha ukafuata ujenzi wa barabara ya mzunguko ya kilomita 112 kuuzunguka mji. Sibezi kazi hizo. Aliyewahi kukwama Kondoa wakati wa masika, gari limezama hadi ekseli, hawezi kuibeza lami. Ninachouliza ni kwamba katika kilomita zote hizo, zile njia za baiskeli za mwaka 1976 ziko wapi?

Nafasi haikukosekana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, yaani mita 60 kwa jumla. Watu wameona nyumba zao zikichorwa alama ya X kwa ajili ya mita hizo. Lami yenyewe haifiki hata robo yake. Njia ya changarawe ya baiskeli yenye upana wa mita tatu, iliyotenganishwa na barabara kwa mtaro na mstari wa miti, ingechukua sehemu moja ya ishirini ya hifadhi hiyo. Mwananchi ambaye ukuta wake ulibomolewa ili kupisha maendeleo hakupewa hata mita tatu za kupitisha gurudumu lake.

Nilipolisema jambo hili katika mkutano mmoja wa wananchi, mtaalamu aliyekaa meza kuu alinijibu kwamba baiskeli ni usafiri wa mpito, na kwamba watu wakipata fedha wataiacha. Hoja hiyo nitaijibu, pamoja na nyingine tatu ambazo huja nayo kama ndugu.

Kwanza, baiskeli ni umaskini. Hii ni dharau iliyovaa suti. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa liliamua kila mtoto aingie shule, na maelfu ya vijana walifundishwa ualimu huko huko vijijini. Sisi wakufunzi tuliwafuata kwa baiskeli, za Phoenix kutoka China, Raleigh za Uingereza, na baadaye Swala za hapa kwetu, tukipita njia za ng'ombe kutoka kituo hadi kituo tukiwa na vitabu kwenye keria. Elimu ya nchi hii ilibebwa juu ya magurudumu mawili. Chombo kilichofanya kazi hiyo hakiwezi kuitwa alama ya umaskini. Umaskini ni kulazimika kununua petroli kwa kila safari ya kilomita nne.

Pili, mpanda baiskeli halipi ushuru wa mafuta, basi asidai barabara. Wazee wenzangu mnakumbuka kwamba zamani baiskeli ililipiwa leseni ya halmashauri na ikavishwa kibati. Tulilipa, na njia yetu hatukuiona. Lakini tuachane na hilo, tufanye hesabu. Kati ya mwaka 1958 na 1960 yalifanyika majaribio makubwa ya barabara huko Illinois, Marekani. Yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takribani kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Ekseli ya lori yenye tani 10 ni nzito mara 100 kuliko gurudumu la nyuma la baiskeli lililobeba kilo 100. Zidisha 100 kwa 100, mara 100, mara 100. Utapata milioni mia moja. Ekseli moja ya lori ikipita mara moja tu, inaichakaza barabara kama gurudumu lile likipita mara milioni mia moja. Sasa niambie ni nani anayepaswa kumlipa mwenzake.

Tatu, njia ya vumbi si maendeleo, kama mnataka njia ya baiskeli basi subirini iwekwe lami. Hapana. Tazameni nchi yetu ilivyo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, ardhi imelala, na mvua kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha anga hufunga kwa miezi saba. Katika hali hiyo changarawe iliyoshindiliwa na kuwekewa mgongo wa kumwaga maji ni njia imara mno kwa chombo chepesi. Kinachoiharibu changarawe ni nini? Ni magari. Ile mikunjo kama bati la paa, inayomtikisa mtu meno, hutengenezwa na magurudumu mazito yaendayo kasi. Vumbi linalofunga macho hutimuliwa na magari. Mashimo huchimbwa na malori. Ondoeni gari, na njia hiyo hiyo mnayoionea haya itadumu kwa matengenezo ya jembe, sepetu na toroli, kazi ambayo vijana wa kijiji wanaiweza na wakalipwa. Kwa hiyo adui hakuwa vumbi. Vumbi lilikuwa likiteseka pamoja nasi.

Nne, haiwezekani kuzuia magari, watu watapita tu. Hoja hii inanishangaza kuisikia katika mkoa huu kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1973 ulianzishwa hapa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililoliwa na mmomonyoko huko Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Iliondoka. Sisemi kwamba amri ile haikuumiza. Familia zilikosa maziwa, samadi na heshima, na walioumizwa walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini nyasi zilirudi na miti ikaota kwenye makorongo yaliyokuwa mekundu kama kidonda. Je, serikali iliyoweza kumwondoa ng'ombe wa mtu, ambaye ni benki yake na mahari ya mwanawe, itashindwaje kuzuia gari lisipite kwenye ukanda wa mita tatu? Nguzo mbili za zege kila mwanzo wa njia, zilizoachana kiasi cha kupita baiskeli na mkokoteni wa kusukuma, na katikati chuma cha kufunguliwa kwa ajili ya gari la wagonjwa. Na yule kijana wa pikipiki atakayejipenyeza, serikali ya kijiji imtoze faini. Kinachokosekana ni nia.

Tena tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Majirani zetu wa Kigali, katika nchi ya vilima isiyo na urahisi wa ardhi tulio nao sisi, walianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara za mji kwa magari katika Jumapili zilizopangwa, na wananchi wakatoka kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Wao wamelitwaa eneo ambalo tayari lilikuwa la gari. Sisi tunaombwa jambo jepesi zaidi, tusimpe gari kile ambacho bado si chake.

Mtu asije akasema nawachukia vijana wa bodaboda au madereva wa malori. La hasha. Wengi wao nimewafundisha, au nimewafundisha walimu wao. Wanatafuta riziki, na barabara wanazo. Lakini wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na kwenye barabara zetu basi linashindana na lori, lori na pikipiki, na anayelala chini mwishoni ni yule asiyeshindana na mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Mabango ya kumwambia mpanda baiskeli awe mwangalifu hayatoshi. Huwezi kuwa mwangalifu kwa nyuma.

Na hapa ndipo linapoanza jambo linalonikera kuliko yote, jambo la mtoto. Mpango wa kujenga shule ya sekondari katika kila kata, ulioanza mwaka 2004, uliwafungulia mlango watoto wengi ambao wasingeuona. Lakini kata za nyanda hizi ni pana. Chukua binti anayekaa kilomita saba kutoka shuleni. Kwa miguu ni saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi. Kwa baiskeli, kwenye njia ngumu iliyosawazishwa, ni dakika 35. Tofauti ni dakika 55 kwa kila safari, dakika 110 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni zaidi ya saa 350 kwa mwaka. Hizo ni saa za kusoma, za kumsaidia mama yake, za kulala. Ni saa pia ambazo binti yule hayuko peke yake gizani njiani.

Na baiskeli aghalabu ipo. Imeegeshwa ukutani nyumbani. Baba hampi kwa sababu moja tu, njia ya kwenda shule ni barabara kuu, na barabara kuu ina malori. Si ubahili wala mila. Mzazi amepima kati ya uchovu wa mwanawe na kifo chake, akachagua uchovu. Kila aliyesimama mbele ya darasa katika sehemu hizi amewaona hao waliochaguliwa uchovu, wakisinzia kipindi cha kwanza kama walivyosinzia cha mwisho. Kisha tunakaa vikaoni kuuliza kwa nini ufaulu uko chini, tunawasema walimu. Mara ngapi tumemsema mpima barabara?

Basi nisiishie kulaumu. Nadai mambo manne, na yote yanawezekana bila mkopo kutoka nje.

Moja, kila barabara kuu au ya mkoa inayojengwa au kukarabatiwa katika nyanda hizi iwe na njia ya changarawe ya baiskeli ndani ya hifadhi yake, kwenye ukingo wa nje, ng'ambo ya mtaro. Isiwe rangi iliyochorwa kwenye lami, maana rangi haizuii lori.

Mbili, kila kipande cha barabara ya zamani kinachoachwa wahandisi wanaponyoosha kona kikabidhiwe kijiji kiwe njia ya baiskeli na miguu. Tayari kimeshindiliwa kwa miaka mingi. Kukiacha kigeuke korongo ni kutupa mali.

Tatu, halmashauri zianze na shule. Zichorwe njia kutoka kila shule ya kata kwenda vijiji vyake, zisafishwe, ziwekewe nguzo, na magari yakatazwe. Msaragambo tunaujua. Tulijenga madarasa kwa mikono yetu, njia haitatushinda.

Nne, na hapa nawapa wale wanaopenda neno utalii kitu cha kutafuna, vilima vya Irangi huko Kondoa, kuanzia Kolo na Pahi hadi Haubi, viwekewe mzunguko wa njia za changarawe zisizo na gari. Michoro ya miambani ya huko imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Nchi ile iliponywa kwa jasho na machozi ya wenyeji wake. Mgeni aje aipande kwa baiskeli polepole, alale kijijini, ale ugali wa uwele, anunue asali. Lakini njia iwe ya mwenyeji kwanza, mgeni awe mpita njia. Tukianza kwa kumhudumia mgeni, siku mgeni akikosa kuja njia itaota majani.

Watakuja wapimaji katika kijiji chako, kama hawajafika tayari. Watakuja na mashine zao za miguu mitatu, na kofia ngumu, na ramani iliyokwisha kuchorwa mahali pengine. Mwenyekiti ataitisha mkutano, na mtaombwa mpige makofi. Msikatae lami. Ila kabla ya kupiga makofi asimame mmoja wenu, mwanamume au mwanamke, aulize: baiskeli itapita wapi? Akijibiwa kwamba itapita humo humo barabarani, arudie swali. Na muhtasari wa mkutano usitiwe saini mpaka swali hilo limeandikwa na jibu lake limeandikwa.